Nani Mwenye Mashine? Historia ya Akaunti na Vikundi vya Kompyuta

Kompyuta ya kwanza kumwuliza mtu jina lake haikuwa na hofu ya wezi. Ilikuwa na wageni wengi kuliko uwezo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata chuo chenye fedha kama Massachusetts Institute of Technology, MIT, kilitegemea mashine chache kubwa, kila moja ikijaza chumba, huku wenye shida nazo wakiwa mamia. Mtafiti alitoboa programu yake kwenye kadi, akakabidhi bunda dirishani, akaenda zake. Majibu aliyafuata baada ya saa kadhaa, pengine siku ya pili. Akikuta amekosea alama moja, alitoboa kadi nyingine na kurudi mwisho wa foleni.

Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake walionyesha njia nyingine. Mfumo wao, Compatible Time-Sharing System, kwa kifupi CTSS, uliigawa kazi ya kompyuta ya IBM 709 katika vipande vidogo vya muda: kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, kisha kumrudia wa kwanza kabla hajachoka kusubiri. Katika maonyesho hayo mashine za kuchapia zilizounganishwa na kompyuta zilikuwa nne tu, na kila aliyeketi mbele ya mojawapo alijiona kama yuko peke yake.

Tatizo lilizaliwa papo hapo. Watu waliotenganishwa na foleni sasa walikuwa ndani ya mashine moja kwa wakati mmoja, na si muda mrefu kazi zao zikawa zinakaa kwenye diski moja. Mashine itajuaje faili hii ni ya nani? Itajuaje nani amekwisha kutumia saa alizogawiwa? Corbató hakuzungusha maneno. Kila mtu alipewa namba ya mradi, namba yake mwenyewe, mahali pake pa kuhifadhia faili, na neno la siri la kuingilia. Ndani ya mpango huo mdogo tayari kulikuwa na mtumiaji, kulikuwa na kivuli cha kikundi, na kulikuwa na mpaka kati ya changu na chako.

Mpaka huo ulivunjwa mapema mno. Katika majira ya kuchipua ya 1962, Allan Scherr, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hapo hapo MIT, alikuwa na mgawo wa saa nne kwa wiki, nao haukumtosha kwa utafiti wake. Akagundua kwamba mtu aliweza kuomba faili yoyote ichapishwe kwa kupeleka kadi yenye jina la faili hiyo. Ijumaa usiku akaomba faili ya maneno ya siri. Jumamosi asubuhi akaenda kuchukua karatasi zake kama mtu yeyote. Alikuja kusimulia kisa hicho mwenyewe baada ya miongo kadhaa. Hakuwa na haja ya siri za wenzake. Alichotaka ni muda wao wa kompyuta.

Mwaka 1966 kosa halikuhitaji hata mwizi. Wasimamizi wawili walikuwa wakifanya kazi kwa wakati mmoja ndani ya akaunti moja ya usimamizi. Mmoja alikuwa akihariri salamu inayowapokea watu wanapoingia, mwingine faili ya maneno ya siri. Programu ya kuhariri ilitumia jina lile lile kwa faili yake ya muda, kwa kuwa aliyeiandika hakutarajia watu wawili wawe ndani ya akaunti moja. Faili mbili zikabadilishana nafasi. Ijumaa jioni kila aliyeingia kwenye mfumo akapokewa na orodha kamili ya maneno ya siri ya watu wote. Corbató alikirudia kisa hicho katika mhadhara wa Tuzo ya Turing, aliyotunukiwa 1990.

Visa hivyo viwili viliacha mafunzo mawili. La kwanza: neno la siri lisihifadhiwe kwa namna ambayo binadamu anaweza kulisoma, hata akiwa msimamizi. Dawa yake ilipatikana Cambridge, Uingereza, ambako Roger Needham alibuni njia ya kulisaga neno la siri kwa hesabu isiyorudi nyuma, mashine ikahifadhi unga badala ya nafaka. Maurice Wilkes aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha 1968. La pili: kila mtu, msimamizi naye, aingie kwa akaunti yake mwenyewe, na uwezo wa kutawala utenganishwe na kazi za kila siku. Funzo hilo lilihitaji miaka arobaini kukubalika, na sehemu kubwa ya historia hii ni habari ya jinsi lilivyosahauliwa na kukumbukwa upya.

Namba sifuri

Warithi wa CTSS walikuwa wawili, wenye tabia tofauti kabisa. Wa kwanza, Multics, ulitangazwa 1965 kwa ushirikiano wa MIT, General Electric na Bell Labs. Humo jina la mtumiaji liliandikwa kwa sehemu: jina la mtu, nukta, jina la mradi, nukta, kisha herufi ya kuonyesha ameingia kwa njia gani. Kila faili ilibeba orodha ya walioruhusiwa na kile walichoruhusiwa kufanya. Mwenye faili aliweza kuweka nyota mahali pa jina la mtu na kuacha jina la mradi, na hapo watu wote wa mradi huo wakapata ruhusa kwa mstari mmoja. Ulikuwa mpango mpana, wenye kutazama mbali, na mzito kuutengeneza. Mwaka 1969 Bell Labs ilijitoa.

Wahandisi wawili wa Bell waliobaki bila mfumo, Ken Thompson na Dennis Ritchie, walianza kujiundia wa kwao mwaka huo huo juu ya kompyuta ndogo ya PDP-7. Huo ndio Unix. Mahali Multics ilipotandaza orodha, Unix ilibana. Mtu aligeuzwa namba. Jina lake lilikaa katika faili moja ya maandishi, /etc/passwd, mstari mmoja kwa mtu mmoja, lakini ndani ya diski faili zilibeba namba tu. Katika toleo la sita, la 1975, namba hiyo iliwekwa kwenye nafasi ya biti nane, yaani isingeweza kupita 255. Kwa jengo moja la watafiti hiyo ilikuwa nafasi ya kutosha.

Ruhusa nazo zilibanwa. Mwanzoni faili ilitofautisha watu wa aina mbili tu, mwenyewe na wengine. Kisha katikati yao kikaingizwa kikundi, na ruhusa zikapangwa kwa namna ambayo mamilioni ya mashine zinaitumia hadi leo: kusoma, kuandika na kuendesha, kwa mwenye faili, kwa kikundi chake, na kwa watu wote waliosalia. Biti tisa, basi. Kikundi kilitatua jambo ambalo akaunti ya mtu mmoja haikuliweza. Watu watano wanaoandika ripoti moja hawakulazimika tena kupeana maneno ya siri wala kuifungua faili kwa jengo zima. Waliandikwa pamoja, faili ikapewa kikundi chao, kazi ikaendelea.

Juu ya namba zote ilikaa namba sifuri, iliyopewa jina la root. Mwenye sifuri hakuulizwa ruhusa. Alisoma kila faili, alifuta chochote, alimgeuza yeyote kuwa yeyote. Lakini utawala wa namna hiyo ulileta fumbo. Mtumiaji wa kawaida lazima aweze kubadilisha neno lake la siri. Neno hilo limo katika faili ambayo root peke yake anaweza kuiandika. Na hakuna anayetaka kumkabidhi kila mtu namba sifuri kwa ajili ya kazi ya sekunde tano. Ritchie alilifumbua kwa biti moja. Programu ikiwekewa biti hiyo huendeshwa kwa mamlaka ya mwenye programu, si ya anayeiendesha. Ni kama karani wa benki: mteja haingii chumba cha fedha, karani huingia kwa niaba yake na kufanya lile moja tu lililoandikwa kwenye fomu. Maombi ya hataza ya wazo hilo yalipelekwa 1973 na kukubaliwa Januari 1979.

Mwaka huo huo wa 1979, Thompson na mwenzake Robert Morris walichapisha makala kuhusu maneno ya siri ambayo bado inasomwa. Walikusanya maneno 3,289 waliyochagua watumiaji wenyewe. Kumi na matano yalikuwa ya herufi moja tu. Walipojumlisha mafupi, yale ya herufi ndogo tupu na yale yaliyomo katika kamusi na orodha za majina, walipata 2,831, asilimia 86 ya yote, yaliyoweza kukisiwa na mashine. Ndiyo maana Unix ilianza kuongeza namba ya nasibu kwenye kila neno kabla ya kulisaga, ili watu wawili wenye neno moja wasifanane kwenye faili, na ikaifanya hesabu yenyewe iende polepole kwa makusudi.

Udhaifu mmoja ulibaki. Faili ya /etc/passwd ilikuwa wazi kwa kila mtu, kwa sababu programu za kawaida ziliihitaji ili kugeuza namba kuwa majina. Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa kompyuta uliachiwa kwenye intaneti changa ya Marekani. Ulitumia njia kadhaa, na mojawapo ilikuwa kusoma faili hiyo, kujaribu jina la kila mtumiaji kama neno lake la siri, kulijaribu likiwa limegeuzwa kinyumenyume, kisha kupita kwenye orodha yake ya maneno 432. Mashine elfu kadhaa zilielemewa. Mwandishi wake alikuwa Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell na mtoto wa yule yule Robert Morris wa makala ya 1979. Alihukumiwa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Mifumo ya Unix ikaendelea kuyahamisha maneno yaliyosagwa kwenye faili ya pili, ambayo mwenye sifuri peke yake huifungua.

Waliokataa kufunga mlango

Si wote waliouona utaratibu huu kuwa maendeleo. Katika maabara ya akili bandia ya MIT kulikuwa na mfumo ulioitwa ITS, usio na maneno ya siri kwa makusudi. Richard Stallman, aliyelelewa kikazi humo, aliamini kwamba msimamizi mwenye siri ni mtawala mwenye siri. Kompyuta za idara jirani zilipoanza kudai maneno ya siri, aliyafumbua na kuwapelekea wenyewe ujumbe akiwashauri waache nafasi tupu badala yake, na baadhi yao wakamsikiliza.

Msimamo huo aliendelea nao hadi kwenye vikundi. Katika mifumo ya Unix iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, palikuwa na kikundi kiitwacho wheel: asiyemo humo hakuruhusiwa kutumia amri ya su kujigeuza root, hata kama analijua neno la siri. Mradi wa Stallman wa GNU ulipotengeneza su yake ulikataa kukiweka kizuizi hicho, na mwongozo ukaeleza sababu: wachache wakihodhi mamlaka, mtu mwema akawavujishia wengine neno la siri, kikundi hicho kitamzuia kuwasaidia.

Berkeley yenyewe ilikwenda njia nyingine. Toleo la 4.2BSD la mwaka 1983 lilimwezesha mtu mmoja kuwa ndani ya vikundi kadhaa kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo alilazimika kuhama kutoka kimoja kwenda kingine kwa amri. Kidogo kabla ya hapo, karibu na 1980, Bob Coggeshall na Cliff Spencer wa chuo kikuu cha jimbo la New York, tawi la Buffalo, waliandika programu ndogo waliyoiita sudo. Ilimruhusu mtu aliyetajwa kwenye orodha kuendesha amri moja kwa mamlaka ya root, kisha akarudi kuwa yeye. Mamlaka hayakuwa tena kiti cha kukalia. Yalikuwa kitu cha kuazima kwa dakika moja na kurudisha, tena kwa jina la aliyeazima. Wasimamizi wawili wa CTSS waliogongana ndani ya akaunti moja wangekuwa na sudo, kila mmoja angebaki na jina lake.

Mashine moja, mtu mmoja

Kisha akaunti zikafa. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi 1981 ikiwa na mfumo endeshi wa DOS kutoka Microsoft, haikumwuliza mtu jina. Macintosh ya 1984 haikumwuliza pia. Hoja ilieleweka: kompyuta iko mezani kwako, umeilipia, aliyeketi mbele yake ndiye mwenyewe. Programu yoyote iliyoendeshwa ilikuwa na uwezo wote wa mashine. Mafunzo ya miaka ishirini yalionekana kuwa matatizo ya watu wa mashine kubwa.

Windows 95 ilileta dirisha la kuandika jina na neno la siri, lakini kazi yake ilikuwa kukumbuka mapambo ya kila mtu na kumwingiza kwenye mtandao wa ofisi. Asiyejua neno la siri alibonyeza kitufe cha kughairi, na kompyuta ikafunguka yote.

Ndani ya Microsoft hiyo hiyo, hata hivyo, kulikuwa na timu iliyokuwa ikijenga kitu kingine. Dave Cutler, mhandisi aliyetoka kampuni ya Digital alikokuwa amesaidia kuunda mfumo wa VMS, aliajiriwa 1988, na Julai 1993 Windows NT ikatoka. Humo kila mtumiaji na kila kikundi kilipewa kitambulisho kirefu kisichorudiwa, na kila faili iliweza kubeba orodha ya ruhusa kama zile za Multics. Kwa msimamizi wa ofisi jambo hilo lilikuwa na matokeo ya kushangaza. Ukimfuta mtumishi kwenye orodha, kisha ukamfungulia akaunti mpya kwa jina lile lile, herufi kwa herufi, faili zake za zamani hazikumtambua. Mashine haikumjua kwa jina, ilimjua kwa kitambulisho, na kile cha kwanza hakirudi.

NT ilikuja pia na vikundi vilivyopangwa tayari: wasimamizi, watumiaji, wageni, waendesha nakala za akiba. Wakufunzi wake walifundisha kanuni moja ambayo wasimamizi wa mitandao wanaishika hadi leo. Ruhusa usimpe mtu. Kipe kikundi, kisha mwingize mtu kikundini. Mhasibu akihamia idara nyingine, huhitaji kuzunguka folda mia moja ukifuta jina lake. Unamtoa kikundi kimoja, unamweka kingine, na kila mlango unabadilika kwa mara moja. Asiyefuata kanuni hiyo hujikuta, baada ya miaka michache, hajui tena nani anaweza kufungua nini.

Mwaka 2001 familia mbili za Windows ziliungana. Windows XP ilikuwa na misingi ya NT, na ikapelekwa majumbani. Kwa mara ya kwanza kompyuta ya nyumbani yenye Windows ilikuwa na akaunti za kweli, zenye mipaka ya kweli. Lakini mtu wa kwanza kusajiliwa alifanywa msimamizi, na mara nyingi bila neno la siri. Aina ya pili ya akaunti, yenye mipaka, ilikuwepo, ila aliyeijaribu aliichoka haraka. Programu nyingi ziliandikwa na watu waliozoea Windows 95. Ziliandika mipangilio yao mahali popote zilipotaka, na zilipokatazwa ziligoma kufunguka. Basi watu wakawa wasimamizi, wote, siku nzima, hata walipokuwa wakisoma barua pepe.

Matokeo yake aliyaona kila aliyetumia kompyuta ya pamoja katika miaka hiyo, iwe kwenye intaneti kafe ya Dar es Salaam, maabara ya chuo Nairobi au ofisi ya kata. Mtu alichomeka flashi, virusi vikajiendesha vyenyewe, na kwa kuwa aliyeingia alikuwa msimamizi, virusi navyo vilikuwa msimamizi. Vilificha folda, vikajiandika kwenye kila flashi iliyofuata, vikahama kutoka kompyuta ya kafe hadi ya ofisini. Kikulacho ki nguoni mwako: programu mbaya haikuhitaji kuvunja mlango, ilivaa jina la mwenye nyumba. Wenye kafe walijibu kwa programu ya kuirudisha diski ilivyokuwa kila mashine inapowashwa. Iliokoa mashine, lakini haikuwafundisha watumiaji kutenganisha mamlaka na kazi ya kila siku.

Mtu mmoja, akaunti mbili

Suluhisho lilikuja kutoka pande tatu, na kiini chake kilikuwa kile kile. Mac OS X, iliyotoka Machi 2001, ilijengwa juu ya Unix kupitia mfumo wa NeXT. Apple ilimweka root ndani lakini ikamfungia. Mwenye kompyuta alikuwa mwanachama wa kikundi cha wasimamizi, na alipotaka kugusa moyo wa mfumo aliulizwa neno lake mwenyewe kwanza. Oktoba 2004 Ubuntu, mfumo wa Linux (jamaa wa Unix) uliolenga watu wa kawaida, ulifanya vivyo hivyo: root hana neno la siri, mtu wa kwanza kusajiliwa ana haki ya kutumia sudo, na baadaye haki hiyo ikafungwa kwenye kikundi, hivyo kumpa mtu mamlaka kukawa kumwandika kikundini.

Microsoft ilichelewa, na ilikuwa na kazi ngumu zaidi kwa sababu ya programu za zamani. Windows Vista ilipofika sokoni Januari 2007, msimamizi alipoingia alipewa vitambulisho viwili, kimoja dhaifu cha kufanyia kazi na kimoja kamili kilichofichwa. Programu ikihitaji kile cha pili, skrini iliingia giza na swali likatokea. Watu walilichukia swali hilo. Mwaka 2008 meneja mmoja wa Microsoft alikiri hadharani kwamba usumbufu ulikusudiwa: walitaka watumiaji wawalalamikie waandishi wa programu hadi waandishi hao waache kudai mamlaka wasiyoyahitaji. Ilifanikiwa. Windows 7 ya 2009 iliuliza kwa uchache, na programu nyingi zilikuwa zimekwisha kujifunza adabu.

Kwenye Linux, vikundi vilipewa kazi nyingine pia: kulinda vifaa. Aliyetaka sauti aliandikwa kikundi cha audio. Aliyetaka kusimamia printa, lpadmin. Na aliyetumia programu iliyozungumza moja kwa moja na modemu ya USB, zile zilizouzwa na kampuni za simu kabla ya simu kuwa modemu zenyewe, alihitaji kuwa ndani ya dialout. Mpango huo ulikuwa na tundu. Mwanachama wa audio aliyeingia kutoka mbali kupitia mtandao aliweza kufungua kipaza sauti cha kompyuta ambayo mtu mwingine ameketi mbele yake. Ndipo mifumo mipya ikaanza kutoa ruhusa ya sauti na kamera kwa anayetumia skrini wakati huo, na kuichukua anapoondoka.

Hata waliosoma somo hawakusalimika. Mwishoni mwa Novemba 2017 iligundulika kwamba katika toleo la macOS liitwalo High Sierra, mtu akiandika root mahali pa jina na kuacha neno la siri tupu, akirudia mara chache, alikubaliwa. Akaunti iliyofungwa ilikuwa imefunguka yenyewe kwa kuguswa. Apple ilitoa marekebisho siku iliyofuata.

Programu zapata akaunti

Wakati kompyuta za mezani zikirekebishwa, simu zilikuwa zikibadilisha maana ya mtumiaji. Android, iliyofika sokoni 2008, inasimama juu ya Linux, na wahandisi wake walikuwa na namba za watumiaji ambazo hawakuwa na watu wa kuwapa. Simu ina mtu mmoja. Wakazigawa kwa programu. Kila programu unayoisakinisha hupewa namba yake kuanzia 10000 kwenda juu, na mfumo huitazama kama vile Unix ya 1975 ilivyomtazama mtafiti wa chumba cha pili. Programu ya tochi haiwezi kusoma ujumbe wa programu ya benki kwa sababu, machoni pa mfumo, hao ni watu wawili tofauti. Vikundi navyo vilipata kazi: kwa miaka mingi, programu iliyopewa ruhusa ya kutumia intaneti iliandikwa kikundi chenye namba 3003, na isiyokuwemo humo haikufungua mtandao.

Hilo lilikamilisha fikra iliyoanza na sudo. Hatari kubwa si jirani anayechungulia faili zako. Ni programu inayofanya kazi kwa jina lako. Kwa hiyo usiipe jina lako. Ndiyo sababu kwenye kompyuta ya nyumbani au ya ofisi ndogo ushauri wa wasimamizi wakongwe haujabadilika: akaunti ya usimamizi ikae kando kwa ajili ya kusakinisha na kurekebisha, kila mtu, watoto wakiwemo, awe na akaunti yake ya kawaida, ruhusa zipewe vikundi, na mtumishi akiondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo, maana akaunti isiyo na mtu ndiyo mgeni asiyeonekana.

Lakini hesabu ya mamlaka haijaisha. Mwaka 2012 Windows 8 ilianza kuwaruhusu watu kuingia kwenye kompyuta yao kwa akaunti ya Microsoft, na Windows 11 ya 2021, katika toleo lake la nyumbani, iliifanya akaunti hiyo ya mtandaoni kuwa sharti la kuanza kutumia mashine. Kitambulisho cha mwenye kompyuta sasa kinaanzia kwenye seva za kampuni. Kwenye simu mambo yamekwenda mbali zaidi. Namba sifuri ipo ndani ya kila Android, inafanya kazi mchana na usiku, ila mnunuzi hakabidhiwi. Akiifungua mwenyewe, programu za benki huenda zikakataa kufanya kazi na dhamana ya mtengenezaji ikatiliwa shaka.

Zipo sababu nzuri za kumnyima: karibu yote yaliyosimuliwa hapa yanaonyesha kwamba mtu akiishi na mamlaka yote mkononi, programu mbaya huyatumia kabla yake. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kuyaweka mamlaka kabatini na ufunguo ukabaki kwako, kama sudo inavyofanya, na kuambiwa kwamba kabati ni la mwingine. Stallman alikosea aliposhauri nafasi tupu badala ya neno la siri, lakini swali lake kuhusu nani anayemsimamia msimamizi lilikuwa sahihi, na kwa sasa watengenezaji wa simu wamelijibu kwa niaba ya wanunuzi bila kuwauliza.